Hapana ya Muthamia

Wenye mashamba ya Kibirichia wanaompa Muthamia kibarua cha kuchimba viazi husema ni mtu wa kazi, ila kuongea naye ni taabu. Ukimwuliza kama amemaliza mstari wake, hatakujibu ndiyo wala la. Atainua mgongo, akutazame, kisha aseme polepole, "Huu mstari nimeumaliza. Ule wa kando ya ua bado." Ukimwuliza kama hajachoka, atakwambia, "Nimechoka, lakini nguvu ziko." Vijana wa huko humcheka na kumwita Mwalimu, kwa vile anajibu kama mtu anayesomesha watoto wa chekechea. Hawajui alitoka wapi. Sisi wa upande wa Nkubu tunajua.

Muthamia alizaliwa kwenye mteremko ulio chini ya Nkubu, mahali pa kahawa, migomba na ardhi nyekundu. Kwao walikuwa wawili, yeye na dada yake mdogo, Kanana. Baba yao aliwaacha wadogo, akazikwa kando ya shamba, na mama akawalea peke yake mpaka naye akachoka. Muthamia aliacha shule darasa la saba ili dada yake aendelee kidogo. Kiswahili alikipata hapo shuleni na sokoni, kile cha kununulia na kuuzia. Nyumbani kilikuwa Kimeru tu.

Alioa Kanini, msichana wa Kanja upande wa Embu. Huyu alisema Kiembu chake, yule Kimeru chake, na walielewana kama watu wa nyumba moja, maana lugha hizo ni ndugu. Jioni Kanini angemwuliza, "Hujala?" Naye kama hajala, angejibu, "Ii." Maana yake, umesema kweli, sijala. Kama alikuwa amepitia kwa dada yake akapewa chakula, angejibu, "Ari." Si kweli, nimekula. Kwa kina Kanini pia watu walijibu vivyo hivyo. Unasikiliza maneno ya aliyekuuliza, yakiwa kweli unayakubali, yakiwa si kweli unayakataa. Sufuria ikaletwa au isiletwe, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya jibu.

Kazi yake ilikuwa ya timbo. Kule bondeni palikuwa na timbo la mawe ya ujenzi, mali ya mtu mmoja aliyeitwa Misheck, na nusu ya nyumba za mawe unazoziona njiani zilitoka pale. Wanaume walichonga kwa tindo na nyundo, wanawake walikaa pembeni chini ya magunia yaliyotundikwa, wakivunja kokoto. Mwamba ulipokuwa mgumu kupita kiasi, aliitwa fundi wa baruti.

Fundi huyo alikuwa Jumaa, mtu wa Meru mjini, mtaa wa Majengo. Wazee wake walikuja kila mmoja kutoka kwake, wengine pwani, wengine mbali zaidi, wakaoana pale mjini, na Kiswahili ndicho lugha aliyonyonya. Kimeru alikijua cha kununulia ng'ombe, maana ndugu zake walikuwa na bucha. Alikuwa mpole, mwembamba, mwenye vidole viwili vilivyokatika zamani. Watu walimheshimu kwa sababu hakuwahi kufanya haraka. Kila mara kabla ya kuwasha utambi aliuliza kama watu wametoka, na hakuwasha mpaka ajibiwe; akishawasha, alipuliza filimbi na kukimbia.

Kanana aliolewa na Kailemia, mtu wa utani na nyimbo, aliyeimba sauti nzito katika kwaya ya kanisa lao. Kahawa ilipowaangusha mwaka mmoja, Kailemia alimwomba shemeji yake amtafutie nafasi timboni. Kanana hakutaka. Lakini mtoto wao, Kendi, alikuwa ameanza shule, na shamba lilikuwa dogo. Asubuhi ya kwanza Muthamia alipompitia shemeji yake, Kanana alisimama mlangoni na kumwambia kaka yake, "Mrudishe jioni vile ulivyomchukua."

"Nitamrudisha," Muthamia akasema, akicheka.

Na kwa miezi mingi alimrudisha.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa Februari, mwaka ule kabla ya korona, jua kali na vumbi jeupe. Jumaa alikuwa ametoboa matundu kwenye kingo ya juu ya mwamba, mahali ambapo mtu akisimama haoni chini timboni. Watu walipanda kwa njia ya upande, wakakusanyika nyuma ya kibanda cha mabati. Muthamia ndiye aliyebaki ukingoni upande wa pili, mahali panapoonekana timbo zima, kwa sababu kazi ya kuangalia ilikuwa yake siku hiyo.

Alimwona Kailemia. Alikuwa ameshapanda pamoja na wenzake, kisha akakumbuka mtaimbo wake aliouacha chini, akashuka mbio kuuchukua usifukiwe. Alikuwa pale chini ya mwamba, akivuta kile chuma kutoka kwenye ufa, na kinyume na kawaida yake alikuwa akilaani.

Jumaa akaita kutoka juu, "Hakuna mtu huko chini?"

Muthamia akajibu kwa sauti yake yote, "Hapana!"

Kisha akamgeukia Kailemia kwa Kimeru, "Wewe shemeji, acha hicho chuma, toka! Unataka dada yangu anile mzima?" Alikuwa anacheka. Alikuwa amesema hapana, na kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Jumaa angesubiri.

Filimbi ililia.

Kwanza hakuelewa filimbi ile ilikuwa ya nini. Halafu akaona moshi mwembamba wa utambi ukipanda juu ya kingo, na Jumaa akikimbia ameinama. Muthamia alipiga kelele. Watu waliokuwa nyuma ya kibanda wanasema kelele ile haikuwa na neno ndani yake. Kailemia aliinua uso, akamwona shemeji yake akirukaruka kule juu, akaangusha mtaimbo na kukimbia. Angekimbilia upande wa njia labda angepona. Alikimbia upande wa Muthamia, kwa sababu huko ndiko ilikotoka sauti iliyomwita, na upande huo ulikuwa ukuta mtupu.

Walimtoa chini ya mawe kwa mikono na kwa mitaimbo. Jumaa alichimba kuliko wote. Walipomfikia hakuna aliyeuliza kama yu hai.

Hapo ndipo wale wawili walipogeukiana, vumbi limewafunika hata huwezi kujua nani ni nani.

"Si uliniambia hapana!" Jumaa alilia.

"Nilikwambia hapana!" Muthamia akajibu.

"Ndugu yangu, nilikuuliza, ukasema hapana!"

"Nilisema hapana! Nilisema hapana, ukawasha!"

Waliyarudia maneno hayo hayo, huyu na yule, mpaka wanawake wa kokoto wakafunika masikio. Waliowasikiliza walishindwa kuelewa ugomvi ni wa nini, kwa maana walikuwa wanakubaliana neno kwa neno. Mwishowe wazee wawili waliwatenganisha, na polisi wakaja.

Jioni ile Muthamia alikwenda kwa dada yake. Habari ilikuwa imemtangulia. Kanana alikuwa ameketi chini sakafuni na majirani wamemzunguka, Kendi amelala mapajani pake.

"Fundi alikuuliza?" Kanana akamwuliza kaka yake.

"Aliniuliza kama hakuna mtu chini."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ari. Kwa Kiswahili, hapana."

Kanana akasema, "Basi alimwua akijua." Maana kwa lugha aliyozaliwa nayo, jibu lile lilikuwa wazi kama mchana. Mtu ameambiwa ari, si kweli kwamba hakuna mtu, naye akawasha moto. Hakuna aliyeweza kumtoa kwenye neno hilo, siku ile wala baadaye.

Na kule Majengo, Rahema mkewe Jumaa aliposimuliwa, alishika kichwa na kusema, "Basi yule Mmeru alimwua shemeji yake kwa ulimi wake. Kwa nini aseme hapana na mtu yupo?" Maana kwa Rahema nalo jibu lilikuwa wazi. Umeulizwa kama pana mtu au hapana, ukasema hapana. Hapana mtu. Kuna kingine cha kuongeza?

Jumaa alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Dhamana ilishindikana, akabaki rumande. Korona ikaingia, mahakama zikafungwa, kesi ikalala, naye akalala nayo.

Misheck hakuguswa. Alikuwa amekuja kwenye mazishi na gari lake, akatoa pole ndefu mbele ya jeneza, halafu akamvuta Muthamia nyuma ya migomba.

"Muthamia, utaitwa shahidi," alimwambia. "Wewe sema tu Jumaa hakukuuliza kitu. Aliwasha bila kuuliza, basi. Hayo ya hapana na hapana yatakutia wewe ndani. Kailemia hafufuki, na wewe una watoto."

Muthamia alitazama viatu vyake. Misheck alichukua ukimya huo kuwa ni ndiyo, akampiga bega na kuondoka.

Kanini ndiye aliyeona usiku ulivyokuwa mrefu kwa mumewe. Alikuwa akinong'ona peke yake, akijaribu maneno. Kuna mtu. Mtu yuko. Kailemia yuko chini. Ngoja. Usiwashe. Kila moja lilikuwa fupi, na kila moja lingetosha.

Kesi ilisikizwa baada ya barakoa kuanza kulegea. Muthamia aliapa, akasimama kizimbani pa mashahidi. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Kiongozi wa mashtaka alikuwa kijana aliyekuwa na kesi nyingi siku hiyo, na inaonekana Misheck alikuwa ameshapitisha habari yake huko polisi.

"Siku hiyo mshtakiwa hakukuuliza kama kuna mtu chini. Sivyo?"

"Hapana," Muthamia akasema.

Kijana alimgeukia hakimu, ameridhika. "Shahidi anathibitisha hakuulizwa."

Muthamia alimtazama yule kijana, akamtazama hakimu, na wale waliokuwa kortini wanasema rangi ya uso wake ilibadilika.

"Aliniuliza!" akasema.

"Umesema hapana sasa hivi."

"Nimesema hapana! Hiyo unasema si ya ukweli! Jumaa aliniuliza. Huwa anauliza kila siku."

Kulikuwa na minong'ono. Hakimu aliweka kalamu chini. Akamwomba karani mkalimani amwulize kwa Kimeru, na Muthamia akaeleza tena kwa Kimeru, na karani, ambaye alikuwa mtu wa Igoji, Mmeru pia, na alijua anachosikia, akatafsiri kwa uangalifu.

Kisha hakimu mwenyewe akauliza, "Na kule timboni, mshtakiwa alipokuuliza 'Hakuna mtu huko chini?' nawe ukajibu hapana, ulitaka aelewe nini?"

"Nilitaka aelewe kuna mtu," Muthamia akasema. "Mimi nilimwona. Nilikataa ile ameuliza. Mheshimiwa, mimi nilikuwa nakataa."

Kule kizimbani Jumaa aliinama, akafunika uso kwa ule mkono wenye vidole vitatu. Muda wote aliokaa rumande alikuwa akiamini kwamba Muthamia hakutazama vizuri, au alidanganya, au alikuwa na kisa na shemeji yake. Sasa alielewa kwamba alikuwa ameambiwa. Aliambiwa kwa sauti kubwa, mchana, akasikia, kisha akawasha.

Mahakamani kulikuwa na nafasi ya kuuliza mara ya pili, na mkalimani, na glasi ya maji. Pale juu ya mwamba kulikuwa na njiti ya kiberiti.

Maelezo yale hayakumwokoa Jumaa. Hakimu alisema anamwamini shahidi na anamwamini mshtakiwa, lakini mwenye kushika baruti hategemei neno moja la mtu asiyemwona, ilimpasa ashuke aone kwa macho yake. Akamfunga miaka mitatu. Rahema alilia kwa sauti. Kanana, aliyeketi upande wa pili na leso nyeusi, hakulia. Alimgojea kaka yake nje, chini ya ukuta wa korti.

"Ulikuwa unamtetea," alimwambia.

"Nilikuwa nasema kilichotokea."

"Ulisema kama mtu anayemwombea. Mbele yangu. Mbele ya mtoto wa Kailemia."

"Kanana, mwana wa mama yangu, yeye hakujua. Kwa lugha yao hapana ni..."

"Usiniambie habari za lugha yao!" akasema dada yake. "Kama ulijua lugha yao, kwa nini hukumjibu kwa lugha yao?"

Muthamia alishika njia ya nyumbani peke yake.

Hakurudi timboni. Na timbo lenyewe lilifungwa kwa muda, kisha likafunguliwa na Misheck huyo huyo chini ya jina la mtoto wake. Muthamia alianza kwenda gereza la Meru siku za kuona wafungwa, amebeba sabuni na mafuta ya kujipaka. Mara ya kwanza Jumaa alikataa kutoka. Mara ya pili alitoka. Walikaa kila mmoja kwenye benchi lake, katikati yao wavu.

"Nilikuwa nimeshakuuliza mara nyingi," Jumaa akasema. "Siku zote ulikuwa unajibu 'Hakuna!' Siku ile ukasema hapana. Nilisikia tofauti. Wallahi nilisikia. Nikajiambia ni yale yale."

"Siku zote hakukuwa na mtu," Muthamia akasema. "Siku hiyo alikuwepo."

"Ningepiga hatua chache ukingoni, ningemwona."

"Ningetaja jina lake, ungengoja."

Jumaa aliitikia kwa kichwa. "Ningengoja mpaka jioni," akasema.

Baada ya hapo walizungumza mambo mengine, mvua, watoto, bei ya nyama mjini. Muthamia alirudi tena, na tena. Hakuna aliyemwambia mwenzake nimekusamehe. Labda kila mmoja aliona neno hilo halikuwa lake kulitoa.

Habari za safari hizo zilimfikia Kanana, kwani Nkubu si mji mkubwa. Alikuja nyumbani kwa kaka yake mchana, akasimama uani, akakataa kiti alichopewa na Kanini.

"Ni kweli unampelekea sabuni?"

"Nampelekea."

"Aliyemwua baba ya Kendi?"

"Kanana, tulimwua sisi wawili."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja mahali shoka lilipo. Kanini alifunika mdomo. Kanana akasema, "Basi mimi sina kaka. Siku nitakapokufa, usije." Akaondoka, na kuanzia hapo akikutana naye njiani alivuka upande wa pili.

Ni wakati huo Muthamia alipohamia Kibirichia. Kanini na watoto walibaki Nkubu kwa ajili ya shule, naye akawa anashuka mara moja moja. Kule juu kuna baridi, udongo ni mweusi, na mtu anaweza kuinama tangu alfajiri mpaka jioni bila kuulizwa mengi. Ile tabia ya kujibu kwa maneno mengi aliianza huko. Hakuamua siku moja. Kanini anasema hata nyumbani anajibu hivyo sasa, na kwamba ile ii yake hajaisikia tena, hata kwenye giza.

Jumaa alitoka gerezani kabla ya muda kwisha, kwa sababu ya kifua. Vumbi la mawe la miaka yote lilikuwa limekaa humo, na baridi ya sakafu ya gereza ikaliamsha. Alipofika kwake alikuwa hawezi kupanda ngazi ya msikiti bila kupumzika. Muthamia alimtembelea Majengo mara mbili. Mara ya kwanza Rahema alimfungulia mlango na kuuacha wazi bila salamu. Mara ya pili alimpa chai.

Jumaa akafa mwezi wa saba, katikati ya ukungu. Muthamia alipata habari akiwa shambani, akaosha miguu kwenye mfereji, akashuka Meru. Alikuta mwili umeshaoshwa. Alisimama nyuma ya safu, mikono mbele, bila kujua kinachosemwa, na jeneza lilipopita alipewa nafasi ya bega kama wengine. Mzee mmoja wa msikiti alimwuliza yeye ni nani kwa marehemu. Muthamia alifikiri sana. "Tulifanya kazi pamoja," akasema.

Kutoka huko hakurudi Kibirichia moja kwa moja. Aliteremka mpaka Nkubu, akaenda kwa dada yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uani. Kanana alikuwa akipalilia maharagwe, mgongo ameupa njia. Kendi, aliyekuwa msichana mkubwa sasa, alimwona mjomba wake kwanza, akasimama na jembe mkononi, asijue kama amsalimie.

"Jumaa amekufa," Muthamia akasema. "Tumemzika leo."

Kanana hakugeuka mara moja. Alimaliza kung'oa magugu ya shina lililokuwa mbele yake. Kisha akajinyoosha, akafuta mikono kwenye leso ya kiunoni.

"Ameacha watoto?"

"Ameacha watatu. Mdogo yuko darasa la nne."

Kanana alitazama upande wa bondeni, ambako mashine ya kusaga kokoto ilikuwa ikinguruma. Muthamia alingoja. Alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani, na nywele zake zilikuwa zimeingia mvi nyingi kuliko dada yake alivyokumbuka.

"Mungu awatunze watoto," Kanana akasema.

Akainama tena kwenye maharagwe yake. Kendi alimtazama mama yake, akamtazama mjomba, halafu naye akainama. Muthamia alikaa pale mpaka akaona hakuna neno lingine linalokuja, akavaa kofia yake, akapanda njia ya barabarani taratibu, na mashine ya Misheck ikiendelea kule chini.